Pedali Imelala: Historia ya Hewa Inayojificha Kwa Breki Zako

"Ipampu tu mara mbili, itashika."

Kama una gari ya spoti hapa Kenya, ama una rafiki mwenye Impreza ama MX-5, hii sentensi si ngeni kwako. Breki zimeflashiwa. Mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi yametolewa, mapya ya rangi ya asali yameingia, na pesa imelipwa. Halafu unakanyaga pedali na inazama laini, kama umekanyaga mto wa kulalia. Ukiuliza, unaambiwa uipampu. Na kweli ukiipampu inapanda. Unaenda nayo nyumbani, na baada ya wiki moja mguu wako umezoea. Ukiulizwa, unasema hiyo ndio tabia ya gari.

Wasee, hakuna gari yenye tabia hiyo. Pedali laini baada ya kuflash ni ujumbe, na ujumbe wenyewe ni rahisi: kuna kitu kimeingia mahali hakifai kuwa, ama kuna kitu kimeharibika wakati wa ile kazi.

Leo nataka kubishana na hiyo sentensi ya kupampu, na nitabishana nayo kwa historia. Sababu ni hii. Kila kipande cha mfumo wa breki kiliwekwa pale na mtu aliyekuwa akisuluhisha shida fulani. Na karibu kila suluhisho liliacha pembe mpya ambayo hewa inaweza kujificha. Ukijua nani aliweka nini na kwa nini, unajua pa kutafuta. Usipojua, utamwaga chupa tatu za mafuta na pedali bado italala.

Mambo yalianza kabla ya gari

Turudi karne ya 17. Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukisukuma kioevu kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo unafika kila upande kwa nguvu ileile. Andiko lake kuhusu jambo hili lilichapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Karibu wakati huohuo, Robert Boyle alikuwa Uingereza akifanya majaribio na hewa. Mwaka 1662 alichapisha kanuni ambayo wengi wetu tulikutana nayo kwa darasa la fizikia: ukizidisha msukumo mara mbili na joto libaki palepale, hewa inajikunja hadi nusu ya nafasi yake.

Weka hao wawili pamoja na tayari umeelewa pedali laini. Mafuta ya breki ni upande wa Pascal. Ukiyasukuma, hayajikunji kiasi cha mguu wako kuhisi, kwa hivyo nguvu yote inafika kwa gurudumu. Hewa ni upande wa Boyle. Ukiisukuma, inajikunja kwanza kama springi, na mguu wako unalipia huo mkunjo.

Unalipia kiasi gani? Tupige hesabu ya mfano. Chukua masta silinda yenye kipenyo cha milimita 20. Eneo la pistoni yake ni kama sentimita mraba 3.14. Sema kuna kiputo kimoja tu cha hewa cha sentimita moja ya ujazo kimebaki ndani, kidogo kuliko kidonge kikubwa cha dawa. Ukifunga breki na msukumo ufike mara 30 ya ule wa hewa ya kawaida, kiputo kinajikunja hadi karibu kiishe. Ile nafasi iliyopotea lazima pistoni iijaze, kwa hivyo inatembea milimita 3 zaidi. Lakini mguu wako hauko kwa pistoni, uko kwa pedali, na pedali ni mtaimbo. Ikiwa mtaimbo huo ni wa tano kwa moja, pedali yako itashuka sentimita moja na nusu ya ziada.

Kiputo kimoja. Sasa fikiria vitatu ama vinne.

Na hapa ndio unaona kwa nini kupampu "kunasaidia". Kila ukipiga haraka, masta silinda inavuta mafuta zaidi kutoka kwa kikopo na kuyasukuma nyuma ya ile springi ya hewa. Hewa haijatoka, umeibana tu. Ukiacha pedali dakika chache, inarudi kulala. Na siku mtoto ataruka barabarani mbele yako, hutakuwa na nafasi ya kupampu mara mbili. Utakanyaga mara moja.

Kutoka ngozi hadi mafuta

Gari za kwanza hazikuwa na hii shida kwa sababu hazikuwa na mafuta ya breki. Zilikuwa na vipande vya mbao vilivyosugua gurudumu, fimbo za chuma na waya. Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari ya mume wake kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, akiwa na watoto wake wawili wa kiume. Kwa mteremko breki za mbao zilikuwa zinaisha, basi akamwambia fundi wa viatu azipigilie ngozi. Hiyo ngozi ndiyo nyanya ya pedi unazonunua leo.

Shida ya fimbo na waya ilikuja gari zilipoanza kuwa na breki kwa magurudumu yote manne. Waya mmoja umelegea, mwingine umekaza, gurudumu moja linashika kabla ya lingine, na gari inavuta upande. Kuweka manne yawe sawa ilikuwa kazi ya kila mara.

Mmarekani Malcolm Loughead alikuwa na jibu. Yeye na kaka yake Allan walikuwa watu wa ndege, na jina la familia hiyo, likiandikwa vile linavyotamkwa, ndilo Lockheed ya ndege za kivita. Mwaka 1917 Malcolm alipata hataza ya breki za mafuta: pedali moja inasukuma kioevu, kioevu kinafika kwa magurudumu yote kwa nguvu ileile. Ni Pascal tu, amewekewa magurudumu.

Mwaka 1921 wazo hili lilijithibitisha mbele ya watu. Jimmy Murphy, Mmarekani, alishinda mashindano makuu ya Ufaransa huko Le Mans akiendesha Duesenberg yenye breki za mafuta kwa magurudumu yote. Duesenberg ikaziweka pia kwa gari yake ya kuuza, lakini hiyo ilikuwa ya matajiri. Mwaka 1924 Chrysler ikaleta breki kama hizo kwa gari ya bei ya chini zaidi, baada ya mainjinia wake kushughulikia tatizo la kuvuja na kuweka sili za raba. Ford ilikaa na breki za fimbo na waya hadi 1939 ndipo ikakubali.

Ona neno hilo: kuvuja. Tangu siku ya kwanza, vita ya breki za mafuta imekuwa vita ya sili. Na hata hiyo ni ya zamani kuliko gari. Mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji. Kilichoifanya ifanye kazi bila kuvuja ni sili ya ngozi yenye mdomo, inayohusishwa na fundi wake Henry Maudslay: maji yakisukuma, mdomo unajibandika zaidi kwa ukuta. Sili za ndani ya masta silinda yako zinatumia ujanja huohuo, ila ni za raba.

Ukijua hivyo, unaelewa jinsi kuflash kunaweza kuua masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi. Kwa miaka mingi mguu wako umekuwa ukisukuma pistoni sehemu fupi tu ya njia yake. Mbele ya hiyo sehemu, ndani ya silinda, uchafu na kutu vimekaa bila kuguswa. Siku ya kuflash, mtu anakanyaga pedali hadi sakafuni, tena na tena. Mdomo wa raba unapelekwa kwa ile sehemu chafu na unakwaruzika. Ukimaliza, pedali ina dalili tofauti na ya hewa: ukiikanyaga na kuishikilia, inaendelea kuzama polepole hadi chini. Hapo hata utoe hewa hadi kesho, haitapona. Mafuta yanapita pembeni ya sili.

Kumbuka kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari yenye zaidi ya miaka 8. Maanake ile WRX ya 2004 unayoitamani mtaani haijatoka melini juzi. Imekaa hapa miaka mingi na imepita mikono mingi. Masta silinda yake ni mzee. Mheshimu. Weka kipande cha mbao chini ya pedali wakati wa kutoa hewa ili isifike sakafuni, na ukanyage polepole.

Le Mans tena, 1953

Kabla ya diski, breki nyingi za gari zilikuwa za drumu: viatu viwili ndani ya sufuria ya chuma inayozunguka. Kwa mwendo wa kawaida zinatosha. Kwa mbio zinapata joto, na drumu ikipata joto inapanuka, inakimbia viatu. Pedali inazidi kuwa ndefu kila kona.

Diski inafanya kinyume. Ikipata joto inanenepa kuelekea kwa pedi, na iko wazi, upepo unaipoza. Wazo lenyewe ni la zamani, kwa sababu Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza 1902. Lakini ilichukua nusu karne hadi Jaguar na Dunlop wakae chini na kulifanyia kazi kwa gari ya mbio. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda Le Mans ya saa 24 kwa Jaguar C-Type yenye diski kwa magurudumu yote. Mwendo wa wastani ulikuwa kama kilomita 170 kwa saa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mshindi wa pale kupita maili 100 kwa saa. Madereva wake walikuwa wanafunga breki wakiwa wamechelewa kuliko wapinzani, kona baada ya kona, usiku na mchana.

Mwaka huohuo wa 1953 ndio mashindano ya Safari yalianza hapa kwetu, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari za kawaida wakati huo zilikuwa bado na drumu.

Diski ilileta kalipa, na kalipa ikaleta pembe mpya za kujificha. Hewa ni nyepesi kuliko mafuta, siku zote inapanda juu. Ndio maana ile nati ndogo yenye tundu, ya kutolea hewa, lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Lakini kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha. Ikiwa zilifunguliwa kupakwa rangi nyekundu, na nyinyi mnapenda hiyo rangi, ni rahisi sana zirudishwe zikiwa zimebadilishana upande. Zitaingia vizuri, zitakaza vizuri, lakini nati sasa iko chini na hewa imekaa juu imestarehe. Unaweza kuflash wiki nzima. Angalia hii kwanza, haigharimu hata shilingi.

Kalipa za spoti zenye pistoni pande zote mbili za diski, kama zile za Brembo kwa STI, zina nati mbili kwa kalipa moja: moja ya ndani na moja ya nje. Ukitoa hewa upande wa nje pekee kwa sababu ndio unaonekana, nusu ya kazi imebaki.

Na si kila pedali ndefu ni hewa. Kwa MX-5 za kwanza, zilizoanza kuuzwa 1989, kalipa za nyuma zinabeba pia hendibreki, na zina mahali pa kurekebisha. Ikiachwa imelegea, pistoni inabidi itembee safari ndefu kabla pedi iguse diski. Dalili yake ni pedali inayoshuka sana halafu inakuwa ngumu kama jiwe. Hewa haifanyi hivyo. Hewa ni laini kote.

Maji ndani ya mafuta

Mtu atauliza: kama kuflash kuna balaa hivi, si tuache tu mafuta ya zamani? Hapana, na hapa historia inageuka kemia.

Mafuta ya breki ya zamani yalichanganywa kwa mafuta ya mbarika na alkoholi. Leo mengi ni ya jamii ya glaikoli. Herufi DOT unazoona kwa chupa ni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoanza kazi 1967, na namba inayofuata ni ya kiwango. DOT 3 lazima isichemke chini ya nyuzi 205 ikiwa mpya, DOT 4 ni 230, na DOT 5.1 ni 260.

Lakini glaikoli inapenda maji. Inayanyonya kutoka kwa hewa, kupitia raba na kifuniko cha kikopo, kila siku gari ikiwa imeegeshwa tu. Ikishanyonya karibu asilimia 3.7, kiwango cha DOT 3 kinashuka hadi 140, DOT 4 hadi 155, na DOT 5.1 hadi 180.

Sasa shuka na gari kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, ile barabara ya zamani iliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lori liko mbele, mguu uko kwa breki mteremko mzima. Pedi zinapitisha joto kwa pistoni, pistoni kwa mafuta. Mafuta yenye maji yanachemka na kuwa mvuke. Mvuke ni gesi. Boyle amerudi. Pedali iliyokuwa ngumu pale juu inaenda hadi sakafuni pale chini, na hakuna mtu amegusa spana. Kwa hivyo flash breki, kila miaka miwili hivi ama vile kitabu cha gari kinasema. Swali ni kuflash vizuri.

Na uchungane na mtego mmoja: DOT 5 na DOT 5.1 si ndugu. DOT 5 ni silikoni. Haichanganyiki na zile zingine, inashika viputo vidogo vya hewa, na haifai kwa gari yenye ABS. Mtu akikuuzia akisema "namba kubwa ndio kali zaidi," soma chupa.

Sanduku la 1978

Kabla ya hapo kulikuwa na hatua nyingine. Gari nyingi za zamani zilikuwa na mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, breki zote zimeenda. Ni miaka ya 1960 ndio masta silinda yenye vyumba viwili ilianza kuwa kawaida, ili upande mmoja ukifa, mwingine ubaki. Hiyo ni zawadi kubwa, lakini ni chumba kingine cha kutoa hewa. Kwa gari nyingi, kila chumba kinapeleka mafuta kwa gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande mwingine. Ndio maana ile kanuni ya "anza na gurudumu la mbali" haifai kila gari. Mpangilio uko kwa kitabu cha gari yako. Ufuate huo.

Halafu ikaja ABS. Ndege zilikuwa na kifaa cha Dunlop cha kuzuia magurudumu kujifunga tangu miaka ya 1950, na mwaka 1966 Jensen FF, gari ya spoti ya Uingereza, ikakiweka barabarani. Lakini ABS ya kielektroniki tunayoijua leo ilitoka kwa Bosch 1978, kwanza kwa Mercedes-Benz ya S-Class.

Ndani ya sanduku la ABS kuna vali ndogo na pampu. Wakati wa kuendesha kawaida, baadhi ya hizo njia zimefungwa. Kwa hivyo kama wakati wa kuflash kikopo kilikauka hata mara moja, hewa inaweza kuingia pale ndani na kukaa, na hakuna kiasi cha kukanyaga kitaitoa. Unahitaji mashine ya kompyuta ya kuamuru ABS ifungue vali na izungushe pampu, halafu utoe hewa tena kwa magurudumu. Kuna wanaosema uende barabara ya changarawe ukanyage breki kwa nguvu hadi ABS ilie. Kwa pedali ambayo tayari imelala? Usithubutu.

Sasa tutafute hewa

Ukipanga hii historia kwa mstari, unapata njia ya kufuata.

Kwanza jua unashughulika na nini. Zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, shikilia, halafu washa. Pedali ikishuka kidogo na kusimama, hiyo ni busta inafanya kazi yake, si ugonjwa. Ikiendelea kuzama polepole, kagua kwanza kama kuna mahali panapovuja. Kama ni pakavu kote, shuku sili za masta silinda. Ikiwa ndefu halafu ngumu, angalia hendibreki, pedi kama zimekaa sawa, na drumu za nyuma kama unazo. Ikiwa laini kote na inapanda ukipampu, hiyo ni hewa.

Kwa hewa, angalia nati ziko juu na umegusa zote. Jaza kikopo na usikubali kishuke chini ya nusu hata mara moja. Weka paipu nyepesi inayoonyesha ndani, kutoka kwa nati hadi kwa chupa yenye mafuta kidogo, ili mwisho wake uzame. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine anafungua nati, anaacha mafuta yatoke, anafunga. Ni hapo tu ndio pedali inaachiliwa. Ukiiachilia kabla ya nati kufungwa, unavuta hewa ndani kwa mkono wako mwenyewe. Gonga kalipa taratibu kwa nyundo ya raba, kuna viputo vinavyoshikilia ukuta. Mafuta yakimwagika kwa rangi ya gari, osha na maji mara moja, yanakula rangi.

Bado laini? Fundi mwenye vibano maalum anaweza kubana paipu za raba moja baada ya nyingine (si zile zenye wavu wa chuma, hizo zitaharibika). Pedali ikiwa ngumu ukibana gurudumu fulani, shida iko pale, na inaweza kuwa paipu yenyewe imezeeka na inafura ukikanyaga. Ukibana zote na bado ni laini, shida iko juu: masta silinda ama sanduku la ABS. Na kama masta silinda imebadilishwa, ijazwe na itolewe hewa mezani kabla ifungwe kwa gari.

Ukimaliza, usiingie barabarani. Injini ikiwa imewashwa, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika huku mtu akiangalia kila gurudumu kama kuna unyevu. Halafu jaribu ndani ya kiwanja, mwendo wa mtu kutembea. Pedali isiposimama juu mara ya kwanza unapokanyaga, gari inavutwa kwenda kwa fundi. Haiendeshwi.

Maoni yangu

Kwa mitandao yetu, gari inapimwa kwa vile inaondoka. Turbo, egzosti, sauti. Hakuna mtu anapost video ya gari ikisimama. Lakini ile Jaguar ya 1953 ilishinda pia kwa sababu ilijua kusimama, na Duesenberg ya 1921 vilevile. Spoti si kukimbia peke yake.

Kitu kingine: hakuna fundi mbaya kwa hii hadithi, kuna fundi anayelipwa kwa haraka. Ukimpa dakika 20 na mia tano, atakupa dakika 20 na mia tano za breki. Mpe muda. Nunua chupa ya ziada ili kikopo kisikauke. Simama hapo, shika paipu, angalia viputo vikitoka hadi viishe. Ni kazi ya kuchosha na hakuna likes.

Watu wamekuwa wakipigana na hewa kwa breki kwa zaidi ya miaka 100, na waliopigana nayo vizuri ni wale waliokataa kuizoea. Kwa hivyo kesho asubuhi kabla hujatoka kwa parking, kanyaga pedali mara moja. Moja tu. Kama haikusimama, funga gari, panda matatu.